Blaindi za nyumba za pwani: za kununua Malindi, na kwa nini Lamu huenda usizihitaji

Ingia duka lolote la mapazia Malindi useme unataka blaindi, na kabla hujakaa utakuwa umefunguliwa kitabu cha sampuli: krimu, kijivu, rangi ya kahawa, samawati. Ukianza hapo umeanzia mwisho. Pwani blaindi haifi kwa kupauka. Inakufa kwa upepo wa kusi na kwa chumvi, na vitu hivyo viwili havimo kitabuni. Blaindi ambayo Nairobi ingekaa miaka bila kuguswa, hapa inaweza kuanza kudondosha machozi ya kutu kabla ya kusi ya pili.

Kwa mwenye haraka, uamuzi ni huu. Nyumba ya kisasa yenye madirisha ya alumini ya kusukuma: sebuleni weka rola, yaani kitambaa kinachojizungusha kwenye paipu, ya sanskrini yenye matundu madogo, uwazi wa asilimia 5, mgongo (upande wa kioo) mweupe na uso wa kijivu. Chumba cha kulala, rola ya blakauti, isiyopitisha mwanga, yenye mgongo mweupe. Jikoni na bafuni, vibao vya alumini vya milimita 25. Blaindi za wima ziache ofisini. Na ukiwa na nyumba ya mawe Lamu, pesa zako zipeleke kwa seremala, sababu inakuja.

Dirisha linatazama wapi

Malindi iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, Lamu nyuzi 2 na kidogo. Jua la adhuhuri huwa karibu na utosi mwaka mzima, kwa hivyo dirisha la kaskazini au la kusini lenye ukingo wa zege juu yake halina taabu kubwa. Fanya hesabu: mwezi wa Juni, jua likiwa limesogea kaskazini kabisa, adhuhuri husimama kama nyuzi 63 juu ya upeo wa macho. Ukingo unaotokeza sentimita 60 utatupa kivuli cha karibu sentimita 118 ukutani, na dirisha la futi nne limefunikwa karibu lote. Desemba, jua likiwa kusini, kivuli hicho kinashuka zaidi ya mita moja na nusu. Madirisha hayo yape pazia jepesi, uhifadhi bajeti.

Vita viko mashariki na magharibi, jua linapokuja chini chini. Hakuna ukingo wa paa unaozuia jua la saa moja na nusu asubuhi. Na bahari yetu, ya Malindi na ya mbele ya mji wa Lamu, iko upande wa mashariki. Dirisha unalolitaka kwa mandhari ndilo hilo hilo linalopigwa jua la asubuhi, kisha likapokea kusi na mvua ya masika. Upande wa magharibi hauna mandhari ya kujivunia, lakini jua la kuanzia saa tisa hukuta kuta zimeshapata moto, na chumba kinabaki tanuri mpaka baada ya isha.

Jambo moja wauzaji hulipita haraka: blaindi ya ndani haizuii joto kuingia. Mwanga umeshavuka kioo. Kitambaa kikiunywa, unageuka joto ndani ya chumba chako. Kinachorudi nje ni kile kilichoakisiwa tu. Ndiyo maana mgongo wa blaindi, upande unaotazama kioo, ndio unaoamua joto, na uso unaotazama ndani ni wa kufurahisha macho. Na ndiyo maana kivuli chochote cha nje, kiwe makuti ya baraza au chiki (pazia la vijiti) ya mianzi, huishinda blaindi ya ndani hata iwe ghali vipi.

Aina moja moja

Sanskrini ni kitambaa cha uzi wa poliesta au fibaglasi uliovikwa PVC, kikasukwa kwa kuacha matundu madogo. Uwazi wake hutajwa kwa asilimia, na za kawaida ni 1, 3, 5 na 10. Asilimia 10 utaiona jahazi vizuri, na jua pia utaliona vizuri hivyo hivyo. Asilimia 1 ni karibu ukuta. Asilimia 5 ndiyo ya sebule inayotazama bahari. Ukiwa na runinga au kompyuta upande wa magharibi, shuka hadi 3. Kitambaa hiki hakinyonyi unyevu, hakishiki kuvu kwa urahisi, na hufutika kwa kitambaa chenye maji. Kwa hali ya hewa yetu hizo ni alama kubwa.

Udhaifu wake ni usiku. Mchana wewe unamwona mpita njia, naye hakuoni. Taa ikiwaka, mambo yanageuka, na uchochoro mzima unakitazama chakula chenu cha usiku. Kwa nyumba inayojali sitara, na hapa ni nyumba zote, sanskrini pekee haitoshi. Ongeza pazia zito pembeni, au chukua breketi ya rola mbili: sanskrini na blakauti kwenye breketi moja. Breketi hiyo inadai kina cha sentimita 12 na zaidi, ambacho ndani ya fremu ya alumini hakipatikani, kwa hivyo itafungwa juu ya dirisha, ukutani.

Rola yoyote iliyoteremshwa mbele ya dirisha lililo wazi ni tanga. Inajaa, inapiga, na mwishowe inang'oa breketi. Zipo zenye waya mbili za pembeni, zinazopita kwenye ncha za reli ya chini na kukazwa kizingitini. Kwa dirisha la mashariki, waya hizo zilipie hata kama itabidi upunguze mengine.

Blakauti ni kitambaa kilichopakwa povu la akriliki tabaka kwa tabaka. Mwanga haupenyi kitambaa, lakini unazunguka pembeni: kitambaa cha rola huwa chembamba kuliko nafasi ya breketi kwa sentimita 3 hadi 4, kwa hivyo ukiifunga ndani ya fremu utaamka na mistari miwili ya jua ukutani. Ifunge nje ya fremu, ipite dirisha sentimita 10 kila upande. Usiikunje ikiwa imeloa, kwa sababu povu hushikana, na siku ya kuiteremsha hubanduka vipande vipande. Na isichukuliwe kuwa dawa ya joto: inazuia hewa kama inavyozuia mwanga. Chumba kisicho na eyakondishen, blakauti ikiwa chini saa nane mchana, hakilaliki.

Hapo ndipo vibao vya alumini vinaposhinda. Hii ndiyo blaindi ya pekee dukani inayokupa upepo na sitara kwa pamoja, mradi ujue kuinamisha. Ukiinamisha kibao ili ukingo wa nje uwe chini, jua linazuiwa, na mtu aliye barabarani akitazama juu ghorofani kwako atakachokiona ni dari tu. Ukikigeuza, ukingo wa nje ukawa juu, wa chini haoni kitu, ila jua linateremka moja kwa moja hadi kwenye kochi. Watu wengi huzungusha ile fimbo mpaka chumba kiwe na giza na kuacha hapo, kisha wanalalamika joto.

Vibao vya milimita 25 vinatosha bafuni na jikoni. Kwa dirisha kubwa linalopokea upepo, chukua vya milimita 50: ni vigumu zaidi, havipigi kelele kama vile vyembamba, na idadi yake ni nusu. Idadi ina maana siku ya kusafisha. Dirisha la urefu wa mita 1.2 lina vibao vya milimita 25 zaidi ya 50, kila kimoja kina pande mbili, na mafuta ya samaki wa kukaanga hayachagui upande. Ndiyo sababu jikoni vifungwe dirisha lisilo juu ya jiko. La juu ya jiko lisiwekwe kitu.

Vipo vibao vya PVC vilivyotengenezwa vifanane na mbao. Vina uzito, havioti kuvu, mchwa hawavitaki. Lakini rangi nyeusi au ya kahawia nzito, karibu na kioo cha magharibi, huvifanya vipinde katikati kama ndizi. Nyeupe au krimu tu. Na kama unanunua za mitumba, kuwa macho: mwaka 1996 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa onyo kwamba blaindi za PVC za wakati ule zilizotoka nje zilikuwa na risasi, na plastiki ikichakaa kwa jua hutoa vumbi lenye sumu kwa watoto. Blaindi ya zamani ya plastiki isiyojulikana ilikotoka, iliyokauka na kutoa unga ukiipangusa, usiichukue kwa bei yoyote.

Blaindi za wima huja na vipande vya upana wa milimita 89 au 127, vimeunganishwa chini kwa mkufu mwembamba wa plastiki. Kusi ikiingia, vinagongana usiku kucha, mkufu unakatika, na tundu la juu la kila kipande linachanika. Mlango mkubwa wa kioo unaokaa umefungwa, zinafaa. Dirisha la kufunguliwa, hapana.

Zebra, zile za mistari inayopishana, ndizo zinazopendwa kwa sasa, na kweli zinapendeza. Ila haziwi giza kamili, vumbi hukaa katikati ya tabaka mbili pasipofikika, na rola ikikosa usawa hata kidogo mistari inaonekana imelala upande. Sebule isiyo na upepo mkali, sawa.

Chiki za mianzi kwa baraza: rahisi, zinapitisha hewa, zinakaa nje zinakotakiwa kukaa. Hazidumu, kwa sababu kamba zake mara nyingi ni za pamba na huoza kwanza. Siku ya kwanza zibadilishe, utie kamba za poliesta. Nailoni huliwa na jua haraka kuliko poliesta.

Sasa rangi

Rangi za blaindi ni mbili, ya mgongo na ya uso. Mgongo usijadiliane nao: mweupe, krimu au wa fedha. Uso ndio wenye mjadala, hasa kwa sanskrini. Watu hudhani kitambaa cheupe kitaonyesha nje vizuri zaidi. Ni kinyume. Uzi mweupe ukipigwa na jua unang'aa wenyewe, kama chandarua kilichomulikwa tochi, na nyuma yake huoni kitu. Uzi mweusi au wa mkaa hauakisi, jicho linapita, bahari inaonekana. Lakini uzi mweusi unakunywa joto. Ndiyo maana ya kitambaa cha rangi mbili, mweupe nyuma na kijivu mbele. Si kila duka wanacho, kiulizie. Kikikosekana, mashariki kwenye mandhari chukua kijivu cha mkaa, magharibi kwenye joto chukua krimu.

Kisha kuna uchafu, ambao kwetu una rangi zake. Blaindi nyeupe kabisa huonyesha kila mchirizi wa kutu, na huonyesha kinyesi cha mjusi, kile chenye ncha nyeupe, ambacho hakuna nyumba ya pwani isiyokijua. Blaindi nyeusi au ya bluu nzito huonyesha chumvi, utando mweupe unaorudi siku mbili baada ya kufuta. Rangi ya mchanga na krimu iliyokolea kidogo huficha vyote viwili. Kwa nyumba iliyo karibu na ufuo, rangi ya mchanga haina mpinzani, hata kama kitabuni inaonekana haina maisha.

Rangi kali zina tatizo jingine. Jua likipita kwenye kitambaa chekundu au cha machungwa, chumba kizima kinachukua rangi hiyo. Kijani kinazifanya nyuso za wageni zionekane za wagonjwa. Na zikianza kupauka, hupauka penye jua tu, sehemu inayobaki imekunjwa juu ikasalia mpya, na ukiiteremsha yote unaona mpaka kama wa shati lililoanikwa vibaya.

Usichague chini ya taa za duka. Omba kipande cha ukubwa wa karatasi ya kawaida ya ofisi, kibandike kwa tepu kwenye kioo chako, ukitazame saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri, na usiku taa ikiwaka huku mtu mwingine amesimama nje. Vioo vingi vya madirisha ya alumini Malindi vina rangi ya kahawia au kijani, na krimu nyuma ya kioo cha kahawia si krimu ile uliyoiona. Kioo cha rangi pia hupata moto chenyewe. Acha nafasi ya sentimita 5 kati yake na blaindi ili joto lipande na kutoka, lisikae katikati. Madirisha ya chumba kimoja yaagize siku moja, yakatwe kwenye bunda moja la kitambaa. Bunda la mwezi ujao, jina lile lile na namba ile ile, linaweza kupishana kidogo, na tofauti hiyo utaiona kila siku.

Kuta zilizopakwa chokaa halisi zina weupe wa maziwa. Nyeupe yenye ubluu karibu nazo huonekana karatasi ya fotokopi. Hapo weka krimu.

Nenda dukani na sumaku

Sumaku ndogo ya spika mbovu inatosha. Ipitishe kwenye reli ya juu, reli ya chini, breketi na mkufu wa kuvutia. Alumini haivuti. Stenlesi nzuri haivuti, au inavuta kidogo sana. Inapokamata kwa nguvu, hicho ni chuma kilichopakwa rangi au kuchovywa zinki, na kutu itaanzia pale kilipokatwa kwa msumeno. Sehemu ya kuangalia zaidi ni reli ya chini ya rola. Zile za bei rahisi huwekewa pau bapa ya chuma ndani ya pindo la kitambaa. Chumvi na umande hupenya pindo, na baada ya muda mstari wa kahawia unajitokeza sawasawa na upana wa pau. Mstari huo haufuliki. Dai reli ya alumini yenye vifuniko vya plastiki ncha zote mbili.

Mkufu wa shanga uwe wa plastiki ngumu au stenlesi. Ule wa kuchovywa nikeli hubanduka na kuchafua vidole. Skrubu, ambazo ndizo kitu cha bei ndogo kuliko vyote, ndizo zinazoharibu ukuta mweupe: zitupe zilizokuja ndani ya boksi, ununue za stenlesi. Kwa nyumba ya ufuoni kabisa omba daraja la 316, lenye molibdenamu inayostahimili chumvi kuliko 304. Tofauti ya bei kwa skrubu sita haitakuumiza.

Blaindi za mota na rimoti hatuzipendekezi kwa mtu anayekaa ufuoni. Tundu la kuchajia huliwa na chumvi kabla kitambaa hakijachoka.

Kupima na kufunga

Upana upime mara tatu, juu, kati na chini, uchukue ulio mdogo. Urefu hivyo hivyo, kushoto, kati na kulia. Kisha pima kona kwa kona, mishazari yote miwili. Ikipishana zaidi ya sentimita 1, dirisha halina pembe mraba, na blaindi ya ndani itaonyesha upogo huo, funga nje. Ukimpa fundi vipimo, mwambie kwa maneno kama ni vya nafasi au vya blaindi iliyokamilika. Mkikosa kuelewana, kila mmoja atapunguza sentimita yake, au hakuna atakayepunguza, na blaindi itafika haiingii.

Kina nacho kipimwe. Vibao vya 25 vinahitaji kama sentimita 4 hadi 5, vya 50 karibu 7, rola ya kawaida 6 hadi 7. Madirisha ya chuma ya kufungukia nje yana grili ndani na mkono wa dirisha unaotokeza, kwa hivyo kufunga ndani haiwezekani: blaindi itasugua mkono mpaka itoboke. Weka ubao wa unene wa sentimita 5 nyuma ya breketi ili kitambaa kishuke mbele ya grili. Na kama una wavu wa mbu wa fremu, hakikisha bado unafunguka baada ya blaindi kufungwa. Hili husahauliwa kila mara.

Bei hutozwa kwa mita ya mraba, kwa hivyo kufunga nje kunagharimu. Dirisha la mita 1.5 kwa 1.2 ni mita za mraba 1.8. Likiongezwa sentimita 10 kila upande, 15 juu na 10 chini, linakuwa 1.7 kwa 1.45, yaani karibu 2.47. Ongezeko ni zaidi ya theluthi. Ulizia pia kima cha chini cha kutozwa, maana kidirisha cha choo kinaweza kutozwa kama mita nzima.

Juu ya dirisha la nyumba ya Malindi kwa kawaida kuna linta ya zege. Drili ya nyundo, biti ya milimita 6, plagi ya 6. Skrubu isipungue milimita 50: lipu peke yake inakula hadi 20, na plagi inayoshika lipu tu haijashika kitu. Ukigonga nondo, sogea sentimita 3, usilazimishe. Breketi zikae kwa pima maji, si kwa kufuata ukingo wa dirisha. Blaindi ya vibao ya upana wa mita 1.7 iwe na breketi tatu. Rola inayopita mita 1.8 iwe na paipu ya milimita 38 au zaidi, la sivyo paipu inalegea katikati na kitambaa kinafanya mikunjo ya mshazari ambayo hakuna pasi itakayoiondoa.

Lamu ni habari nyingine

Nyumba ya mawe ya Lamu iliutatua mwanga na sitara karne kadhaa kabla ya rola. Kuta nene za matumbawe, vyumba vyembamba kwa kadiri ya urefu wa boriti, madirisha yanayotazama kiwanda, yaani ua wa ndani, badala ya njia. Mbele ya bahari na kwenye ghorofa, madirisha ya mbao yenye vibao vya mshazari hufanya kazi ya blaindi, tena yakiwa nje ya chumba, joto halijaingia. Kuweka rola nyuma yake ni kulipia mara mbili. Pesa hizo zitengeneze yaliyopo: badilisha vibao vilivyooza, bawaba ziwe za shaba au stenlesi, mafuta ya mbao kabla ya masika. Mji wa kale ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, na sura ya nje haibadilishwi kiholela. Kukarabati dirisha kwa mbao ile ile na umbo lile lile ndiyo njia isiyo na maneno.

Ukilazimika, kwa vyumba vipya vya juu vyenye vioo, kumbuka ukuta wa matumbawe na chokaa ni laini. Drili iende bila nyundo, biti ndogo kuliko plagi, vumbi lipulizwe litoke. Breketi ndogo moja kwa moja ukutani itang'oka na kibonge. Funga kwanza ubao wa mbao ngumu kwa skrubu nne ndefu, za milimita 80 au 100, kisha breketi zishike ubao.

Na safari ipangwe. Blaindi itapanda basi hadi Mokowe, boti hadi gatini, kisha begani au juu ya punda. Paipu ya mita 2.4 huvuka maji bila shida. Inakwama kwenye kona ya ngazi. Pima ngazi kabla ya kuagiza, na ikibidi gawa dirisha kubwa liwe na rola mbili. Ifungwe nailoni ncha zote mbili, maana rashasha ya boti ni maji ya chumvi, nayo ikikauka ndani ya boksi kutu huanza kabla ya kufungwa.

Ikiharibika

Kitambaa cha rola kikipanda kikielekea upande mmoja, angalia usawa wa breketi kwanza. Ziko sawa? Teremsha blaindi yote, bandika kipande cha tepu ya sentimita 3 juu ya paipu tupu, upande ulio kinyume na kitambaa kinakokimbilia. Kikikimbilia kushoto, tepu kulia. Ongeza kipande cha pili ikiwa bado.

Kamba ya blaindi ya vibao ikikataa kushika, au ikishika isiachie, kufuli ya kamba imejaa chumvi. Mwagie maji yasiyo na chumvi, ikauke siku nzima, kisha nyunyiza silikoni kavu. Usitie mafuta ya cherehani: yatashika vumbi na baada ya wiki chache utakuwa na ugali mweusi ndani ya reli. Kipande cha wima kilichochanika tundu huzibwa kwa tepu ngumu ya plastiki pande zote mbili, ikatobolewa upya. Usafi wa kawaida ni kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi kila wiki msimu wa kusi, sabuni ya vyombo kidogo ikibidi. Klorini isiguse alumini. Inaacha madoa meupe yasiyotoka.

Kwa nyumba yenye watoto wadogo, mkufu unaoning'inia kama kitanzi ni hatari ya kukaba shingo, si jambo la kupuuza. Sharti ufungwe ukutani kwa kishikio chake na kukazwa, na kamba za vibao zizungushwe kwenye ndoano iliyo mita 1.5 au zaidi kutoka sakafuni, huku kitanda na kiti vikae mbali na dirisha. Marekani, tangu mwisho wa 2018, kiwango cha usalama kinataka blaindi zinazouzwa tayari madukani zisiwe na kamba ndefu ya kuvutia. Hapa bado unauziwa kishikio kikiwa ndani ya boksi, na fundi asipoulizwa hukiacha humo humo. Mwambie akifunge kabla hujamlipa, na umtazame akikifunga.